Kwa nini kikokotoo chako hakikukupa bilioni 13.8

Swali: "Napenda sana elimu ya anga ingawa fizikia niliishia nayo sekondari. Nimesoma kwamba baadhi ya wataalamu wanasema ulimwengu unatanuka kwa kilomita 67.4 kwa sekunde kwa kila megaparseki, na wengine wanasema 73. Video moja ilinionyesha jinsi ya kugawanya ili kupata umri wa ulimwengu. Kwa 67.4 nikapata miaka bilioni 14.5, kwa 73 nikapata bilioni 13.4. Ile 13.8 inayotajwa kila mahali sikuipata hata mara moja. Baadaye nikaona habari kwamba kuna mtafiti anayesema umri ni bilioni 26.7, kwa kuwa darubini ya Webb imeona galaksi zilizokomaa mapema mno. Rafiki yangu naye anasema hakuna kinachotanuka, mwanga unachoka tu njiani. Halafu wanatuambia tunaona hadi miaka ya nuru bilioni 46, wakati ulimwengu wenyewe una miaka bilioni 13.8! Je, wataalamu wana uhakika na wanachosema? Nishike modeli ipi, na kwa sababu gani?"

Nianze na hesabu yako, kwa sababu haina kosa. Kosa ni la video iliyokuambia kwamba ulichopata ni umri wa ulimwengu. Ulichopata kinaitwa wakati wa Hubble. Kinakaribiana na umri, na kina manufaa yake, lakini kutoka hapo hadi kwenye umri kuna hatua moja nzima iliyorukwa. Modeli zinazoshindana zinaachana kwenye hatua hiyo hiyo, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda kabla sijafika kwa rafiki yako na zile bilioni 26.7.

Namba ya Hubble, yaani hizo 67.4 na 73 ulizozisoma, inasema hivi: chukua galaksi iliyo umbali wa megaparseki 1, yaani miaka ya nuru milioni 3.26. Nafasi iliyo kati yetu na galaksi hiyo inaongezeka, tuseme, kwa kilomita 70 kila sekunde. Galaksi iliyo mbali mara 100 inaachana nasi kwa kilomita 7,000 kila sekunde. Utaona kwamba ndani ya namba hii umbali umetajwa mara mbili, kilomita juu na megaparseki chini. Umbali ukikatana na umbali, kinachobaki ni muda. Megaparseki 1 ni karibu kilomita bilioni bilioni 31. Gawanya kwa 70, unapata sekunde ambazo jumla yake ni pungufu kidogo ya miaka bilioni 14.

Tatizo ni kwamba umegawanya kwa kasi ya leo. Fikiria msafiri anayewasili kwa gari baada ya kwenda kilomita 140, na wakati anafika unachungulia kipimamwendo chake kinaonyesha 70 kwa saa. Je, ametumia saa 2? Ndiyo, kama hakubadili mwendo tangu aondoke. Kama alianza kwa kasi kubwa kisha akapunguza, ametumia chini ya saa 2. Kama alianza taratibu akaongeza mwishoni, ametumia zaidi. Kipimamwendo hakijui habari za njiani. Namba ya Hubble ndiyo kipimamwendo hicho, na kazi ya modeli ya ulimwengu ni kusimulia habari za njiani.

Habari hizo hazibuniwi tu. Mwaka 1922 Alexander Friedmann alionyesha, kwa milinganyo ya Einstein, kwamba mwendo wa kutanuka unaamuliwa na kilichomo ndani ya ulimwengu. Maada, iwe ya kawaida au ile maada giza tusiyoiona, ina graviti, yaani nguvu ya uvutano, na graviti inavuta breki. Ulimwengu wenye maada peke yake, kwa kiasi kinachoufanya uwe bapa, yaani nafasi yake isipinde, ulipendekezwa na Einstein na de Sitter mwaka 1932. Katika ulimwengu huo umri ni theluthi mbili tu ya wakati wa Hubble: ukiweka 70, ni miaka bilioni 9.3. Ulimwengu usio na kitu ndani yake hauna breki wala kichocheo, na umri wake ni wakati wa Hubble wenyewe, bilioni 14.0. Hiyo ndiyo modeli ambayo video yako iliitumia bila kukwambia: ulimwengu mtupu.

Modeli ya maada peke yake ilipendwa sana hadi miaka ya 1990, na ninaelewa kwa nini, maana ni rahisi na inapendeza machoni. Lakini ilikuwa na aibu moja kubwa. Kwenye kingo za galaksi yetu kuna vishada vya nyota vya mviringo, kila kimoja kikiwa na maelfu kwa maelfu ya nyota zilizozaliwa karibu wakati mmoja. Nyota nzito humaliza kuni zake mapema, nyepesi hudumu. Kwa hiyo ukiangalia ni nyota za uzito gani zinazoanza kufa sasa hivi ndani ya kishada, unajua umri wake. Vile vikongwe vinatoa miaka bilioni 12 hadi 13. Mtoto hawezi kumzidi mama yake umri. Ulimwengu wa bilioni 9.3 haukuwa na nafasi ya kuwazaa watoto hawa.

Mwaka 1998 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Saul Perlmutter na jingine na Brian Schmidt pamoja na Adam Riess, yalitangaza kwamba supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, zinaonekana hafifu kuliko zilivyotarajiwa. Zilikuwa mbali zaidi kuliko breki zingeruhusu. Maana yake ni kwamba kutanuka kunaongeza kasi. Watatu hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Kinachosukuma tumekipa jina, nishati giza, na jina hilo lisikufanye udhani tunajua ni kitu gani. Tunachokijua ni tabia yake: ulimwengu ukitanuka maada inazimuka kwa sababu ujazo unaongezeka, lakini nishati giza kwa kadiri tulivyoipima haizimuki, au inazimuka kidogo sana. Kwa hiyo mwanzoni maada ilitawala na safari ikapungua kasi. Kama miaka bilioni 6 iliyopita nishati giza ikashika usukani na safari ikaanza kuongeza kasi.

Sasa rudi kwenye kikokotoo. Msafiri wetu alipunguza kwanza, kisha akaongeza. Athari hizo mbili karibu zifutane. Kwa mchanganyiko uliopimwa na setilaiti ya Planck, wa maada asilimia 31.5 na nishati giza asilimia 68.5, umri ni mara 0.951 ya wakati wa Hubble. Chukua ile 14.5 yako uzidishe kwa 0.951. Unapata 13.8.

Wakati wa Hubble na umri kukaribiana kiasi hiki ni bahati ya zama tunazoishi. Ulimwengu ulipokuwa mchanga haikuwa hivyo, na huko mbele haitakuwa hivyo.

Ukitumia mchanganyiko huo huo na 73, wakati wa Hubble wa 13.4 unakuwa umri wa 12.7. Kwa hiyo mzozo mkubwa unaousikia, wa 67 dhidi ya 73, ukiubeba moja kwa moja hadi kwenye umri ni tofauti ya miaka kama bilioni 1. Ni nyingi kwa mtaalamu. Lakini tazama unaelekea wapi: namba kubwa ya Hubble inaufanya ulimwengu uwe mdogo kiumri. Hata dawa kadhaa zinazopendekezwa ili kuuponya mzozo huo, kama ile ya kuongeza aina ya nishati giza iliyofanya kazi mapema kisha ikatoweka, zinapunguza umri. Anayesema "wataalamu hawapatani kuhusu kasi, kwa hiyo umri huenda ni bilioni 26" ameuvuta mzozo upande usio wake.

Mzozo wenyewe ni wa kweli na sitaki kuupunguza. Njia ya kwanza inapanda ngazi. Chini kabisa kuna umbali wa nyota unaopimwa kwa jiometri, kwa kutazama jinsi nyota inavyoonekana kusogea kidogo Dunia inapozunguka Jua. Ngazi ya pili ni nyota za Sefeidi, zinazong'aa na kufifia kwa mpigo. Henrietta Leavitt alionyesha mwaka 1912 kwamba zenye mpigo mrefu ndizo zenye mwanga mkubwa, hivyo ukihesabu siku za mpigo unajua mwanga halisi, na ukilinganisha na unavyoonekana unajua umbali. Ngazi ya tatu ni supanova za aina ya Ia, milipuko ambayo mwanga wake halisi unajulikana. Kundi la Riess limepanda ngazi hii kwa miaka mingi, na matokeo yao ya mwaka 2022 ni 73.04, kosa likiwa 1.04 juu au chini.

Njia ya pili haipimi mwendo wowote. Inasoma mwanga mkongwe kuliko wote, ulioachiwa ulimwengu ulipokuwa na miaka kama 380,000, ambao sasa umepoa hadi Kelvini 2.725 na unafika kama mikrowevu kutoka kila upande. Arno Penzias na Robert Wilson waliutangaza mwaka 1965. Ndani yake kuna madoa ya joto na ubaridi wa tofauti ndogo mno, alama za mawimbi ya sauti yaliyopita katika gesi ya mwanzo. Fizikia inatuambia mawimbi hayo yaliweza kufika umbali gani kabla ya mwanga kuachiwa. Tunapima madoa hayo angani, tunakuta upana wa digrii 1 hivi, mara mbili ya Mwezi mpevu. Ukijua ukubwa halisi na ukubwa unaoonekana, unajua umbali, na kutoka hapo modeli inakokotoa kilichofuata hadi leo: 67.4, kosa 0.5. Neno la kulishika ni "modeli inakokotoa". Hapa namba ya Hubble ni hitimisho la kisa kizima, na kisa kikiwa na sura iliyokosekana, hitimisho nalo litakosea.

Nani amekosea? Kwa muda mrefu dhana kuu ilikuwa kwamba Sefeidi za mbali zinachanganyika na mwanga wa nyota jirani. Darubini ya Webb, yenye macho makali zaidi ya darubini ya Hubble, imezitazama upya na kukuta vipimo vya darubini hiyo vilikuwa sawa. Upande mwingine, Wendy Freedman na wenzake wametumia nyota jitu jekundu badala ya Sefeidi na kupata karibu 70, katikati ya mahasimu. Mgongano wa nyota za nyutroni wa tarehe 17 Agosti 2017 ulitupa mawimbi ya graviti na mwanga kwa pamoja, njia isiyotegemea ngazi yoyote, nayo ilisema 70 pia, ila kosa lake lilikuwa kubwa kiasi cha kuzikumbatia pande zote mbili. Matukio ya namna hiyo yakiwa mengi, naamini ndiyo yatakayoamua kesi hii, na hiyo ndiyo ninayoingojea kwa hamu kuliko darubini yoyote.

Tumewahi kufika hapa. Georges Lemaître mwaka 1927 na Edwin Hubble mwaka 1929 walipata namba za kama 500 hadi 600. Fanya mgawanyo wako kwa 500: miaka bilioni 2. Miamba ya Dunia ilipopimwa kwa mionzi ikaonekana kuwa na umri mkubwa zaidi ya huo. Aibu hiyo ilisaidia kuzaa nadharia nzima: mwaka 1948 Hoyle, Bondi na Gold walipendekeza ulimwengu usio na mwanzo, unaotanuka milele huku maada mpya ikijitokeza kujaza pengo. Hatimaye kosa lilipatikana mahali pengine kabisa. Walter Baade alitangaza mwaka 1952 kwamba Sefeidi ziko za aina mbili na zilikuwa zimechanganywa. Kwa siku moja umbali wa galaksi ukaongezeka maradufu. Allan Sandage akaishusha namba hadi karibu 75 mwaka 1958, kisha kwa miongo kadhaa wataalamu wakagawanyika kati ya 50 na 100, hadi darubini ya Hubble ilipotoa 72 mwaka 2001. Ndiyo sababu nikisikia leo watu wanaparurana kwa tofauti ya asilimia 8, nauona mzozo uleule wa zamani ukiwa umebaki na eneo dogo la kupigania.

Sasa rafiki yako. Wazo lake si la kijinga, na lina umri sawa na ugunduzi wenyewe: Fritz Zwicky alilitoa mwaka 1929. Mwanga wa galaksi za mbali unafika ukiwa umevutika kuelekea wekundu, na wekundu ni dalili ya nishati ndogo. Basi labda mwanga umepoteza nishati njiani. Mwaka 1929 lilistahili kusikilizwa. Shida ni kwamba linatabiri mambo yanayopimika, na vipimo vimelikataa. Mwanga uliochoka ungekuwa mwekundu zaidi, lakini saa zisingeguswa. Supanova ya aina ya Ia hung'aa na kufifia kwa ratiba inayojulikana. Kama nafasi inatanuka, basi supanova ambayo mwanga wake umevutika mara 2 lazima pia ionekane ikijiendesha polepole mara 2: kilichochukua siku 20 kwao tukione kwa siku 40. Tumepima supanova nyingi, na zinafuata ratiba hiyo ya kuvutika. Uchovu wa mwanga hauwezi kurefusha siku za mlipuko.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda zaidi. Kama ulimwengu unatanuka, ule mwanga mkongwe ulikuwa wa moto zaidi zamani. Katika mawingu ya gesi ya mbali kuna atomi na molekuli zinazofanya kazi ya kipimajoto, kwa kuwa viwango vyao vya nishati vinategemea joto la mwanga unaozizunguka. Kwa wingu ambalo mwanga wake umevutika mara 3, tunatarajia Kelvini 8 hivi, na mawingu ya namna hiyo yanaonyesha joto linalopanda kama ilivyotarajiwa. Mwambie rafiki yako aeleze hilo kwa uchovu.

Zile bilioni 26.7 zilitoka kwa Rajendra Gupta wa Chuo Kikuu cha Ottawa, katika makala ya mwaka 2023. Hakurudia wazo la Zwicky lilivyo. Alichanganya uchovu wa mwanga na kutanuka, kisha akaruhusu konstanti za fizikia, yaani namba za msingi zinazochukuliwa kuwa hazibadiliki, zibadilike kadiri muda unavyopita. Ni kazi ya mwanafizikia halisi, na kuuliza swali hilo si kosa. Mimi hainishawishi, na sababu kubwa ni ile ile ya mama na mtoto, safari hii ikiwa imegeuzwa. Nyota zilizo nyepesi kuliko Jua kwa kiasi cha kutosha huishi makumi ya mabilioni ya miaka. Kama ulimwengu umekuwepo kwa miaka bilioni 26.7, wako wapi wazee wa miaka bilioni 18, wa bilioni 20? Wangekuwa bado hai, na tungewaona karibu nasi. Hatuwaoni. Nyota kibete nyeupe, yaani majivu ya nyota zilizokwisha, nazo zinapoa taratibu kama kaa lililoachwa, na hata zile baridi kabisa hazijapoa kwa muda mrefu kiasi hicho. Uraniamu iliyopimwa mwaka 2001 katika nyota kongwe iitwayo CS 31082-001 ilitoa miaka bilioni 12.5, kosa 3. Saa hizi hazijui lolote kuhusu Hubble, na zote zinasimama karibu na mahali pamoja.

Pengine umeshakutana na nyota HD 140283, inayotajwa kwamba ina umri mkubwa kuliko ulimwengu. Kipimo cha mwaka 2013 kilisema bilioni 14.5. Kilisema pia kosa 0.8, na sehemu hiyo ndiyo iliyoachwa njiani na wasimuliaji. Hesabu za baadaye zimeishusha. Ukikutana na umri wowote usioambatana na kosa lake, usiuchukue kabla hujauliza kosa ni kiasi gani.

Galaksi za Webb ni jambo zito zaidi. JADES-GS-z14-0 tunaiona ilivyokuwa miaka isiyofika milioni 300 tangu mwanzo, na inang'aa kuliko wengi walivyotarajia. Lakini kilichoshtua ni jinsi gesi ilivyogeuka nyota kwa haraka, na hilo ni somo la nyota na gesi kabla halijawa somo la umri. Huenda nyota zilizaliwa kwa ufanisi zaidi wakati ule, huenda zilizaliwa kwa vishindo, huenda sehemu ya mwanga ni ya mashimo meusi. Na si kila dai limesimama: galaksi moja iliyodhaniwa kuwa ya mbali kupindukia, CEERS-93316, ilipopimwa vizuri kwa spektra, yaani kwa kuchambua rangi za mwanga wake, ilikutwa iko karibu zaidi sana, vumbi likiwa limeipaka rangi ya kudanganya. Kuongeza umri wa ulimwengu maradufu ili galaksi chache zipate muda wa kukua ni sawa na kubadili kalenda kwa sababu mtoto mmoja ametembea mapema.

Bilioni 46 nitazipitia haraka. Mwanga mkongwe umesafiri miaka bilioni 13.8, ndiyo. Lakini wakati unasafiri, nafasi iliyo nyuma yake ilikuwa ikiendelea kutanuka. Sisimizi akitembea juu ya utepe wa mpira unaovutwa, umbali kutoka alikoanzia hadi alipofika ni mkubwa kuliko hatua alizopiga. Bilioni 46 ni umbali wa leo wa mahali mwanga ulikotoka. Hakuna kitu kilichopita karibu nasi kwa mbio kuliko mwanga.

Ushike ipi, basi? Mimi ningeshika modeli ya maada giza na nishati giza isiyobadilika, na umri wa bilioni 13.8, nikijua ninachokishika. Kwa vigezo sita tu modeli hiyo inaeleza madoa ya mwanga mkongwe kwa undani unaonishangaza hadi leo, na saa za nyota zinaiunga mkono bila kuulizwa. Lakini kile kipengele cha "isiyobadilika" nakishika kwa vidole viwili. Mradi wa DESI, unaopima ramani ya galaksi kutoka Kitt Peak huko Arizona, ulitoa mwaka 2024 na tena 2025 dalili kwamba nishati giza huenda inapungua nguvu. Ni dalili, haijawa uthibitisho. Ikithibitika, umri utasogea kidogo, na hautafika karibu na bilioni 26.

Kabla hujaniamini, fanya mwenyewe ile hatua iliyorukwa. Karatasi na kikokotoo vinatosha. Andika ukubwa wa ulimwengu ukilinganisha na leo: 0.05, 0.15, 0.25, hadi 0.95, namba 10. Kwa kila moja, gawanya 0.315 kwa namba hiyo, ongeza 0.685 mara mraba wa namba hiyo, tafuta mzizi wa jumla yake, kisha gawanya 1 kwa huo mzizi. Jumlisha majibu yote 10, uzidishe kwa 0.1. Utapata karibu 0.955, na ukizidisha kwa 14.5 utakuwa na 13.85. Ukitumia vipande vidogo zaidi utafika 0.951. Baada ya hapo ondoa nishati giza, yaani weka 1 badala ya 0.315 na 0 badala ya 0.685, uone jinsi jumla inavyoporomoka kuelekea theluthi mbili.

Hadi hapo maandishi yanatosha. Lakini ukitaka kupima dai kama la Gupta kwa milinganyo yake yote, au una modeli yako mwenyewe kichwani, au unakusudia kuwafundisha wengine haya, usitegemee majibu ya maandishi wala video. Nenda kwenye idara ya fizikia ya chuo kikuu kilicho karibu nawe, omba saa moja ya mhadhiri wa astronomia au graviti, na umpelekee karatasi yenye zile safu 10, maana ataona mara moja ulipokwama, jambo ambalo mimi kutoka hapa siwezi. Muonyeshe pia 12.7 uliyoipata kwa 73, na umuulize yeye angebadilisha nini ndani ya huo mzizi.